Faiba ya nyumbani inakatika kila jioni na kurudi asubuhi: naomba ushauri

MkaziSegerea
Wakuu, habari za jioni. Ninaishi Tabata Segerea, na nina intaneti ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde ambayo kwa miezi saba haikuwahi kunisumbua. Sasa ni wiki ya tatu, kila siku kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu jioni mtandao hukatika, na haurudi mpaka kesho yake asubuhi. Nimeshapiga simu huduma kwa wateja mara nne. Kila mara huniambia nizime ruta na kuiwasha, kisha humtuma fundi mchana, naye akikuta kila kitu kinafanya kazi anaaga na kuondoka. Nilibadilisha hata neno la siri la waifai nikidhani majirani wamenivamia, lakini hali ni ileile. Je, ruta imechoka, au ni msongamano wa watumiaji wa jioni? Nimeanza kuulizia bei ya ruta mpya Kariakoo.

Kombo_K
Pole sana mkuu. Msongamano hupunguza kasi, hauzimi mtandao moja kwa moja mpaka asubuhi, kwa hiyo mimi ninaishuku ruta. Chukua kijiti, bonyeza kile kitufe kilichojificha nyuma yake kwa sekunde kumi, ianze upya kama ilivyotoka kiwandani.

FundiMtandao
Kuhusu msongamano ndugu Kombo amesema kweli, lakini kitufe hicho naomba mwenzetu asikiguse bado. Hufuta mipangilio yote, pamoja na jina na neno la siri la PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa kampuni) ambalo kampuni nyingi huliingiza siku ya kufunga huduma, na ukilipoteza utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Ruta ya Kariakoo nayo isubiri.

Mtandao utakapokatika leo, tazama kwanza kama simu bado imeshika waifai, kisha fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya kisanduku. Mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Ukurasa ukifunguka, waifai ni nzima na kosa liko nje yake. Halafu zisome taa. Zote zikizimika kwa pamoja na kuwaka tena, shuku adapta au umeme mdogo wa jioni. PON (taa ya kuonyesha kuwa mwanga unaobeba intaneti ndani ya waya wa kioo umefika) ikiwa imetulia na LOS (taa ya kuonya kuwa mwanga huo umepotea) imezimika lakini intaneti haipo, mwanga unafika na shida iko kwenye akaunti au kwa kampuni yenyewe. LOS ikimeta nyekundu, mwanga haufiki kwenye kisanduku, na hapo hata ukinunua ruta kumi hutapata kitu. Tafadhali usichomoe ncha ya waya na kuichungulia, kwa kuwa leza yake haionekani lakini inaweza kuliumiza jicho.

BintiKigamboni
Ninaunga mkono kuanza na taa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, niliizima na kuiwasha ruta yangu siku nzima bila faida yoyote, ilhali taa zote zilikuwa za kijani na kosa lilikuwa baharini.

MkaziSegerea
Ninarudi na majibu. Jana saa 1 kasoro robo mtandao ulikatika, simu ikabaki kwenye waifai na ukurasa ukafunguka, lakini LOS ilikuwa ikimeta nyekundu. Mahali pa nguvu ya mwanga unaopokelewa palikuwa na vistari viwili tu (--), bila namba. Asubuhi ya leo panasoma -21 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga).

FundiMtandao
Hiyo -21 ni afya njema, kwani visanduku vingi vya nyumbani huvumilia mwanga hafifu zaidi, hadi -27 hivi. Ruta yako haina kosa. Kuna kitu kinaubana au kuukunja waya kuanzia jioni hadi asubuhi. Kiini cha kioo ndani yake kina upana wa mikroni 9 hivi, na ukikikunja kwa pembe kali mwanga huvuja njiani. Waya unaingilia wapi, na jioni huwa mnasogeza au kufunga nini?

MamaWawili
Dirisha, baba. Huku kwetu Mbagala magharibi ikiingia kila dirisha hufungwa kwa ajili ya mbu.

MkaziSegerea
Mama, umenifumbua macho. Waya huingilia kwenye kona ya dirisha la sebuleni, lile la aluminiamu la kusukuma, na zamani tulikuwa tukiliacha wazi usiku kucha kwa sababu ya joto. Wiki tatu zilizopita wavu ulichanika, tukaanza kulifunga. Nimelifungua kiasi cha upana wa kiganja, na kabla dakika haijaisha LOS imezimika. Pale lilipobana, waya umebonyea na kuwa mweupe, sehemu ya urefu wa ukucha. Je, niufunge kwa utepe mweusi wa umeme?

FundiMtandao
Utepe hausaidii kioo kilichokwisha kuumia, nao huficha jeraha. Piga picha hiyo alama, kisha wapigie na uwaambie maneno haya: LOS nyekundu, waya umebanwa na dirisha, unahitaji kubadilishwa. Fundi akijua hivyo atakuja na waya na mashine ya kuungia badala ya kuja kutazama taa za kijani. Mwombe atoboe ukuta na kuupitisha waya ndani ya bomba dogo la plastiki, na ule wa ziada auzungushe kwa duara lisilo dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Kama nyumba ni ya kupanga, mwarifu mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

MkaziSegerea
Nimewapigia, na safari hii hawakuniambia nizime na kuwasha. Watakuja Jumanne. Mpaka siku hiyo dirisha litabaki wazi, na nimeshanunua pakiti mbili za dawa ya mbu ya kuchoma.