Naomba ushauri: nguzo za mbao za kibanda cha bustani, nichimbie kwa zege au kokoto?

Wakuu habari zenu, mafundi na wenye uzoefu naombeni msaada. Nataka kusimamisha kibanda cha wazi bustanini nyuma ya nyumba, nguzo nne za mbao inchi 4 kwa 4, juu napiga fito ili maua ya kutambaa yapande, kichwa kinaniuma hapo chini tu.

Fundi mmoja ananiambia chimba futi 2, simamisha nguzo, mwaga zege mambo yaishe. Mwingine hataki hata kusikia, anasema mbao ikishasinyaa inaacha mwanya kwenye zege, maji yanatuama humo na nguzo inaoza pale pale usawa wa ardhi, yeye anataka kokoto chini halafu ujaze kokoto huku unashindilia kidogo kidogo. Naona huyu wa pili ana hoja ila udongo wangu ni tifutifu, na maua yakishajaa yanakamata upepo kama tanga, naogopa kibanda kisije kikalala.

Kuna pia ile ya kumwaga zege peke yake unachomeka kiatu cha chuma, nguzo unaifunga kwa bolti haigusi udongo kabisa. Naipenda hii kwa sababu ya mchwa, ila bila mishazari (zile mbao za kulala mshazari kwenye kona kushikilia nguzo) kule juu si itayumba?

Halafu mbao yenye dawa ukiikata, ile ncha unapaka dawa gani? Oili chafu sitaki, mizizi iko jirani.