Kutoka Cessna 172 kwenda Piper Arrow: nijiandae na nini?

Mwanafunzi, Ilemela
Wakubwa zangu, shikamooni. Nina leseni ya urubani binafsi, na mpaka sasa nimerusha Cessna 172 tu, ambayo magurudumu yake hayakunjwi. Mwezi ujao naanza mafunzo ya Piper Arrow hapa Mwanza, ndege yenye magurudumu ya kukunja na wenzo wa propela, yaani wa kubadilisha mizunguko yake. Kati ya wenzo wa propela na magurudumu ya kukunja, ni lipi linalomlemea zaidi mwanafunzi?

Mkufunzi
Marahaba. Propela utaizoea mapema: ukiongeza nguvu, tanguliza mizunguko ya propela ndipo usukume wenzo wa nguvu, ukipunguza, anza na wenzo wa nguvu. Litakalokushtua ni geji ya shinikizo la hewa iingiayo kwenye injini. Uwanja wetu uko takribani futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi), hata ukiifungulia yote, itaonyesha karibu inchi 26 za zebaki, wala si 29 kama ungekuwa Dar es Salaam. Hiyo si hitilafu. Tena mchana wa nyuzi 28 hewa huwa nyepesi, na ndege hupanda kana kwamba uwanja uko futi 6,200, kwa hiyo unapopaa kuelekea ziwani usikunje magurudumu mpaka uhakikishe kwamba unapanda na kwamba njia iliyobaki mbele haitoshi kutua tena.

Rubani wa Kirumba
Mimi naona magurudumu ndiyo yanayolemea, na nakusihi uyape uzito. Arrow III hairuhusiwi kuyashusha ikizidi kasi ya noti 129 (maili za baharini kwa saa), wala kuyakunja ikizidi noti 107, na kwa kuwa ndege hii haipungui mwendo upesi kama 172, anayechelewa kujipanga hujikuta yuko karibu na uwanja akiwa bado na kasi kubwa. Yashushe ungali sambamba na njia ya kutulia, tazama taa tatu za kijani zinazoonyesha kwamba yameshuka na kujifunga, kisha zitazame tena ukiwa umeuelekea uwanja. Jambo moja husahaulika: ukiwasha taa za safari (za nje ya ndege) mchana, zile za kijani hufifia mpaka ukadhani zimezimika.

Fundi wa ndege
Naongezea la dharura. Kwenye Arrow, shinikizo la haidroliki, yaani la mafuta ya mtambo, ndilo linaloyashikilia magurudumu juu. Ukiliachia kwa wenzo wa dharura, huanguka kwa uzito wake, na la mbele husaidiwa na springi. Mwombe mwalimu wako akuonyeshe ndege ikiwa juu ya jeki karakanani, uushike wenzo huo mwenyewe kabla hamjapaa.