Naomba ushauri: RV, watoto watatu na bibi yao, Las Vegas mpaka Grand Canyon

BintiTanga_Dallas

Habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa sita, atakaa nasi mpaka shule zifunguliwe. Sasa mume wangu RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, imemkaa kichwani, hali halali. Mpango wake ni kwamba Julai turuke hadi Las Vegas, tukodi RV ya futi 30, tupite hifadhi za Zion na Bryce, Antelope Canyon na Grand Canyon, kisha tupandishe kaskazini hadi hifadhi ya Yellowstone, ndipo turudishe gari Vegas. Yote hayo kwa siku kumi.

Tuko sita. Watoto wana miaka 12, 9 na 4. Mama ana 68, magoti yanamsumbua lakini ulimi bado mzima. Gari kubwa kuliko yote tuliyowahi kushika ni Sienna, minivani yetu ya nyumbani.

Naomba mnisaidie haya: mtu asiye na uzoefu anaweza kuimudu RV? Lile tangi la choo anamwaga nani, na vipi? Na ni kweli ni nafuu kuliko hoteli, au ni hesabu za mdomoni tu? Mama lazima ale ugali. Hilo si swali, ni taarifa.

DerevaWaMasafa

Sasa dadangu. Mimi ni Mkenya, kazi yangu lori, barabara kuu za I-15 na I-40 nazijua mashimo yake yote.

Kwanza toa Yellowstone. Kutoka Vegas hadi lango lake la magharibi ni zaidi ya maili 600, na bado kuna kurudi. RV si Sienna. Ramani ikikwambia masaa manne, wewe weka sita: kuna kujaza mafuta, kuna mtoto anataka kushuka, kuna mlima unaupanda na maili 40 huku lori langu liko nyuma yako linakutazama.

Kuendesha si vigumu, leseni yako ya kawaida inatosha. Shida iko kwa mkia. Nyuma ya matairi kuna mwili mrefu wa gari, na ukikata kona kulia, mkia unatupa kushoto. Hapo ndipo watu wanang'oa pampu za petroli na vioo vya majirani. Mkiichukua, msiingie barabara kuu moja kwa moja. Tafuteni maegesho matupu, Bwana azungushe gari polepole, wewe usimame nje uangalie mkia unafika wapi. Ukiona hivyo kwa macho yako hutasahau.

Kwenye mteremko usikanyage breki njia nzima. Tia gia nzito mapema kabla gari halijashika kasi, iache injini ikuzuie. Ukisikia harufu ya kuungua, toka barabarani, pumzika. Na upepo wa I-40 mchana si mchezo. Gari lina ubavu kama ukuta, shika usukani kwa mikono yote miwili na uende pole. Anayetaka kupita, apite.

Nungwi_Nevada

Naunga mkono, Yellowstone iacheni mwaka mwengine. Mimi naishi Vegas, kila kiangazi nabeba wageni kwenda huko. Ukhti, kuna jambo moja mumeo inaelekea hajalijua, na ndilo litakaloamua safari yote: handaki la Zion.

Barabara ya kutoka Zion kwenda mashariki, ambayo ndiyo njia fupi ya Bryce, inapita ndani ya mlima kwenye handaki la maili 1.1 lililofunguliwa 1930. Lilichongwa kwa magari ya zama zile. Zamani RV ikilipa dola 15, askari wa hifadhi wanasimamisha magari ya upande wa pili, nayo inapita katikati peke yake. Hifadhi ikatangaza kwamba kuanzia Juni 2026 magari makubwa hayapiti tena barabara hiyo hata kwa kibali. Mipaka ni upana wa futi 7 na inchi 10, kimo cha futi 11 na inchi 4, urefu wa futi 35 na inchi 9.

Sasa chukua tepu. RV zile za kukodi zenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, karibu zote zina upana wa zaidi ya futi 8 na kimo cha kama futi 12. Zimekwisha kataliwa kabla hamjaondoka Vegas.

BintiTanga_Dallas

Nimemsomea mume wangu. Amekaa kimya dakika kadhaa, halafu akauliza, "Tukichukua ya futi 25 je?"

Nungwi_Nevada

Mwambie urefu sio unaomkwamisha, ni upana na kimo. Ya futi 25 na ya futi 30 mara nyingi zina upana ule ule.

Lakini haina maana hamuwezi kwenda. Zion mnaingilia lango la kusini, Springdale, kutokea I-15. Mkimaliza, mnarudi Hurricane, mnashika barabara ya 59 kwenda Fredonia, mnapanda Kanab, kisha ya 89 mpaka Bryce. Ni mzunguko, ila ni barabara nzuri na haina mlima wa kutisha. Akitokea mtu kuwaambia mteremke Moki Dugway kwa sababu aliiona kwenye video, mkatalieni. Kile ni kipande cha changarawe ukingoni mwa genge, hakifai RV.

Ndani ya Zion kwenyewe, msimu wa kiangazi bonde la ndani haliingiwi na gari binafsi. Mnaacha gari, mnapanda basi la hifadhi, bure. Kwa bi mkubwa ni raha tupu: anakaa dirishani, anashuka kituo anachotaka. Njia ya Pa'rus ni lami, anatembea taratibu kandoni mwa mto.

ChapaLapa

Nitawaudhi wapenda RV, lakini acha niseme. Dada anauliza gharama na hakuna aliyemjibu.

Chukua Vegas, Zion, Bryce, Page (mji wa Antelope Canyon), Grand Canyon, kurudi Vegas. Pamoja na mizunguko ni kama maili 850. RV ya aina hiyo inakula galoni moja kwa maili tisa hivi, kwa hiyo mnachoma galoni 95 hivi. Sienna mpya ya haibridi safari hiyo hiyo haifiki galoni 30. Hapo hujagusa kodi ya gari kwa usiku. Kampuni nyingi zinatoza tena kila maili, zinatoza saa za jenereta, na sufuria na mashuka ni kifurushi cha pembeni. Halafu unalipia mahali pa kuliegesha! Watu wanasahau hilo. Wanadhani wakikodi nyumba wamemaliza, kumbe bado kiwanja.

Kodini minivani, mlale kwenye vibanda vya mbao au vyumba vyenye jiko. Handaki la Zion mtalipita bila kuulizwa.

MamaPendo

ChapaLapa hajakosea kwenye namba, ila sisi tulikwenda na mama mkwe kwa RV na nisingebadilisha. Mzee mwenye magoti hataki kupanga foleni ya choo kituo cha mafuta. Choo kiko hatua tatu nyuma yake, chai iko kwenye chupa, akichoka gari likisimama anajinyoosha. Hilo halimo kwenye hesabu ya galoni.

Nasema gari LIKISIMAMA. Wenye RV wengi wanaacha watoto wacheze kitandani gari likienda. Msifanye. Kabla ya kulipa, uliza kampuni kuna mikanda mingapi na iko wapi, maana "inalala watu saba" haimaanishi ina viti saba vya kusafiria. Kiti cha mtoto wa miaka 4 kinafungwa kwenye kiti kinachotazama mbele, si kile kirefu cha ubavuni.

Haya, choo. Anamwaga mumeo, yeye ndiye aliyeota ndoto. Kuna matangi mawili, la choo na la maji ya kuogea na vyombo. Mkiwa mmeegesha na mpira wa maji taka umeunganishwa, valvu ya tangi la choo iacheni IMEFUNGWA mpaka lijae angalau nusu. Ukiiacha wazi, maji yanatoka, uchafu unabaki chini unakauka, na hapo mtaomba ushauri kwenye uzi mwingine. Siku ya kumwaga anaanza la choo, likiisha ndipo la maji ya sabuni, ili sabuni isuuze mpira. Glavu, na viatu ambavyo hatavipenda tena. Karatasi ya chooni iwe ile laini inayoyeyuka, na vitambaa vya kufutia mtoto visitupwe humo hata kimoja.

Ugali unapikika vizuri kwenye jiko la gesi la ndani, ila sufuria iwe ndogo, meko yanabanana. Chapati pikeni nje. Kengele ya moshi ya RV inalia hata mafuta hayajapata moto, na saa mbili usiku kambi nzima itajua mnakula nini.

BintiTanga_Dallas

MamaPendo umenichekesha mpaka mume kaja kuuliza. Sehemu ya choo amesoma mara mbili, hakusema kitu.

Kuhusu kambi: Watchman ya Zion tutapata? Na viingilio vikoje, hasa kwa mama?

Nungwi_Nevada

Nafasi za Watchman hufunguliwa miezi sita kabla kwenye tovuti ya Recreation.gov, na za Julai huondoka siku ile ile. Angalia kila siku, watu huwa wanafuta. Ukipata, chagua yenye umeme. Jenereta pale ni marufuku, na Zion ya Julai joto hupita nyuzi 38, bila kiyoyozi mtakaanga bi mkubwa. Ukikosa, kuna kambi za watu binafsi Springdale na Hurricane.

Bryce ni kinyume chake. Iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi ya Lushoto. Kambi za ndani hazina umeme na hamtauhitaji. Grand Canyon upande wa kusini kuna mbili, Mather haina umeme wala maji ya kuunganisha, Trailer Village inavyo vyote. Upande wa kaskazini msiujaribu safari hii, lodge, yaani hoteli ya huko, iliteketea kwa moto Julai 2025.

MamaPendo

Viingilio: kila moja ya hizo hifadhi tatu ni dola 35 kwa gari, na pasi ya mwaka kwa mkazi wa Marekani ni dola 80, kwa hiyo pasi inashinda. Lakini huyo wa miaka 9 yuko darasa la nne? Kama anamaliza la nne sasa, kuna pasi ya bure ya wanafunzi wa darasa hilo, inafanya kazi hadi mwisho wa Agosti na inaingiza gari la familia. Jaza kwenye tovuti ya Every Kid Outdoors, chapisha karatasi yenyewe. Tangu Januari 2026 ipo pia ya kidijitali kupitia Recreation.gov.

Mama ni habari nyingine. Tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi, wa miaka 16 kwenda juu, anatozwa dola 100 za ziada kwenye hifadhi 11, na Zion, Bryce na Grand Canyon zote zimo. Mara tatu ni 300. Pasi ya mwaka ya mgeni ni 250 na inamwondolea hizo mia mia. Piga simu hifadhini ueleze familia yako ilivyo kabla hujalipa chochote.

Nungwi_Nevada

Antelope Canyon haimo kwenye pasi yoyote. Ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, huingii bila kiongozi wao, na unakata nafasi mapema. Mchukulieni bi mkubwa ile ya Upper, mlango wake uko sawa na ardhi. Lower ni ngazi za chuma, nyembamba na zimesimama.

Na saa! Kiangazi Utah iko saa moja mbele ya Arizona, kwa sababu Arizona haisogezi saa. Wanavajo wao husogeza, hata walio ndani ya Arizona. Ukiwa Page simu inarukaruka kati ya minara, mara saa tatu, mara saa nne. Ziara za Antelope zinafuata saa ya Arizona. Weka simu kwa mkono kwenye saa ya Phoenix tangu usiku wa kuamkia.

DerevaWaMasafa

Kwa upande wa Grand Canyon, kama Bwana amechoka na usukani, egesheni mji wa Williams mpande treni. Ilianza kupanda hadi ukingoni 1901, mwendo wa zaidi ya masaa mawili, na kuna kambi ya RV karibu na stesheni. Mama atafurahia kuliko nyinyi.

BintiTanga_Dallas

Asanteni sana. Tumekubaliana hivi: Yellowstone imetoka, RV inabaki lakini ya futi 25, usiku mbili kila hifadhi, na Zion tunaingilia kusini tu. Treni mama ameikubali kabla sijamaliza sentensi, kwenye simu ya video. ChapaLapa, hesabu zako zimemfanya mume wangu akatoa siku mbili, kwa hiyo umesaidia.

La mwisho: unga nitaupata njiani?

MamaPendo

Njiani utakuta Maseca, ule ni wa tortila, hausongeki. Nunua mweupe huko huko Dallas, kilo nne tia kwenye begi la kupakia. Na mwiko. RV zina vijiko vya plastiki.

ChapaLapa

Mwiko uwe mfupi. Dari la jikoni liko chini.