Wageni wakionja PvP (kupigana watu kwa watu) mara moja tu wanaacha gemu, tunawasaidiaje?

chifu_wa_gildi

Wakuu habari za jioni. Nina gildi ndogo, yaani kikundi cha wachezaji, kwenye gemu ya mtandaoni ya Albion Online, wengi tunacheza kwa simu, wachache ndio wana kompyuta. Shida yangu ni wageni. Mtu anaingia, anakata miti, anachimba madini, anauza sokoni, anafurahi kabisa, sasa siku tukienda nae eneo jekundu akaviziwa na watu watano akafa basi ndio mwisho, Discord tunakoongeleana haonekani, meseji hajibu. Na hawa watu sio waoga, hao hao kwenye gemu za mpira wanafungwa tano bila na kesho yake wanataka marudiano.

Hasara haiwagusi maana akifa tunamtolea vifaa vingine kwenye ghala la gildi. Ila ukimuuliza kwanini kaacha jibu ni moja, "sikuelewa hata kilichotokea". Najiuliza, gemu yenyewe imeshapanga ngazi nzuri tu, maeneo ya bluu haguswi mtu, njano unaangushwa ila unaamka na vitu vyako, nyekundu na nyeusi ukifa ndio umevuliwa kila kitu, sasa kwanini hizo ngazi hazimwandai mgeni? Waliowahi kufundisha watu kwenye gemu yoyote ya kupigana watu kwa watu naomba mawazo.

mzee_wa_nyanda

Mkuu, hizo rangi zinapunguza gharama ya kufa, hazipunguzi idadi ya vitu ambavyo mtu anatakiwa kuviangalia kwa wakati mmoja. Hayo ni matatizo mawili tofauti na wewe umeshalitatua la kwanza.

Hebu hesabu mgeni anacho nini kwenye kioo cha simu. Silaha ina vitufe vitatu, kofia kimoja, koti kimoja, viatu kimoja, hapo ni sita, bado dawa na chakula. Halafu Albion haina klasi (aina za wapiganaji zilizopangwa tayari), ulichovaa ndicho ulicho, kwa hiyo kila adui anaweza kuja na mchanganyiko wake, watu watano wana skili kama thelathini ambazo mgeni hazijui hata kwa sura na zote zinamwangukia ndani ya sekunde chache, hapo hapo kola wenu (anayetoa amri vitani) anapiga kelele masikioni rudi nyuma rudi nyuma piga yule, yule nani sasa? Huyo hajashindwa pambano, hakuliona kabisa.

Mimi mgeni namvalisha upinde au fimbo ya moto ili akae mbali, vifaa vya T4 (daraja la nne) vya bei ya chini, na namwambia una kazi moja tu leo, ukiguswa bonyeza viatu ukimbie. Hana kazi ya kuua mtu. Akirudi hai hata kama hajapiga mshale mmoja nampongeza mbele ya watu wote. Safari inayofuata naongeza koti, lini alibonyeze kujikinga. Baadae kidogo ndio tunaanza habari ya nani wa kumpiga. Inachukua muda na inahitaji subira, lakini wanabaki.

Na usianzie nyekundu, anzia Arena, ni watano kwa watano na ukifa hupotezi kitu. Akizoea mpeleke Corrupted Dungeons, yale mapango ya mtu mmoja, ngazi ya Hunter, huko anavamiwa na mtu mmoja tu na akishindwa haachi vifaa. Mtu mmoja unaweza kumsoma. Kundi hulisomi mpaka umesoma watu mmoja mmoja kwanza.

devi_kando

Sasa wasee. Niko Nairobi, natengeneza gemu ndogo ya kupigana na marafiki zangu kwa hiyo hii mambo nimeifikiria sana.

Mzee ameongea ukweli na historia inamuunga mkono. Ultima Online, gemu ya zamani ya mtandaoni, ilitoka 1997 na ukitoka tu nje ya mji mtu angeweza kukuua na kukuvua. Mwaka 2000 wakaigawa dunia mara mbili, Felucca ikabaki ya vita, Trammel ikawa ya amani, wachezaji wengi wakahamia Trammel. Sawa, watu waliacha kuogopa, lakini hakuna mtu alifunzwa kupigana na hiyo. Sea of Thieves, ile gemu ya maharamia, nao mwishoni mwa 2023 wakaleta Safer Seas, bahari bila wachezaji wengine ila dhahabu unapata kidogo. Ni kitu poa kwa kujifunza kuendesha meli. Kupigana na meli ya watu wengine bado unaenda kukutana nako kule nje bila kujua lolote.

Kuna wale hudhani dawa ni kusawazisha nguvu. Guild Wars 2 kwa PvP yake rasmi wanakupandisha moja kwa moja mpaka leveli 80 ambayo ndio ya juu kabisa, takwimu za vifaa mnalingana wote. Hiyo ni haki kabisa na naiheshimu sana, hakuna mtu anakushinda juu amecheza miaka mingi akakusanya mavyuma. Lakini mgeni amewekwa ghafla mbele ya skili za leveli 80 ambazo hajawahi kutumia, kwa hiyo haki imeongezeka na kuchanganyikiwa pia kumeongezeka. Hapo ndio najua hivi vitu viwili lazima uvitenganishe.

Kwa upande wetu watengenezaji, kitu nimeona kinasaidia zaidi ni kumwonyesha mtu alikufaje. Call of Duty walielewa mapema, ukiuawa unarudishiwa picha kutoka macho ya aliyekuua, unaona alikuwa amejificha wapi. League of Legends inakupa hesabu ya madhara, nani alikupiga na nini na kiasi gani. Sisi tuliweka mistari mitatu tu kwa skrini ya kifo: kilichokuumiza zaidi, ungeweza kukizuia na nini, na hicho kitu ulikuwa nacho au ulikuwa umeshakitumia. Hiyo ya tatu ndio watu wanasimama kuisoma.

Kupanga watu kwa uwezo pia ni muhimu. Hesabu za Elo, za kupima uwezo wa mchezaji, zilianzia kwa chess na FIDE, shirikisho la chess duniani, walizichukua 1970, gemu nyingi leo zinatumia kitu cha aina hiyo. Shida ni kwamba inataka umati. Saa nane usiku wachezaji wakipungua, mfumo unachagua kati ya kukungojesha ama kukuweka na simba, na mara nyingi unakuweka na simba.

dada_wa_mtwapa

Naomba niongee kama mgeni maana hapa wote ni wakongwe. Mie nacheza PUBG Mobile, gemu ya bunduki ya simu, kaka yangu ndo alonivuta. Mechi za mwanzo ni roboti tupu, wanasimama wima wanakungoja uwapige, nikashinda nikajiona najua. Halafu nikakutana na watu wa kweli nikawa nakufa kabla sijashika bunduki vizuri. Kwa hiyo roboti mie sizipingi lakini zifundishe, zijifiche, zirushe bomu, zikimbie zikiumia, si kusimama kama nguzo.

Kilichoniokoa ni kwamba kwenye skwadi (timu) ukifa unaweza kubaki umtizame mwenzako anavyocheza. Nikawa namtizama kaka kimya kimya, namuona anasikiliza nyayo, anatizama ramani, hakimbilii kila mlio wa risasi. Hapo hakuna anonipiga, vidole vimepumzika, macho yana nafasi ya kujifunza.

Na jengine, maiki. Usimfundishe mtu katikati ya vita. Ukinipigia kelele wakati napigwa sisikii maneno, nasikia kwamba nimekuudhi. Wanawake wengi nnaowajua wameacha kwa hilo, si kwa kufa.

chifu_wa_gildi

Dada asante sana, hilo la maiki linatuhusu moja kwa moja, kola wetu anafoka kweli. Mzee swali, mgeni anayekimbia tu si anawapunguzia wenzake nguvu? Vijana wangu watalalamika wako wanne wanapigana na watano.

mzee_wa_nyanda

Watalalamika, ndio, kwa hiyo safari za wageni usizichanganye na safari za kutafuta mali. Tangaza siku yake, wakongwe wawili au watatu wanaojitolea, wajue wanaenda kufundisha na vifaa vyao viwe vya bei ndogo pia. Na hilo la kutizama litumie, ukiwa Albion shea skrini yako Discord, wageni wawe wamekaa mjini bluu wanaangalia wewe ukipigana, ukimaliza ndio unaeleza polepole kwanini ulikimbia pale.

mkulima_wa_usiku

Naongezea la mtandao maana hamjaligusa. Angalieni mgeni yuko sava gani, yaani mtambo gani unaoendesha gemu yake! Kuna Amerika, Asia na Ulaya, ya Ulaya ilifunguliwa 2024 na kwa sisi ndio ya karibu. Nimekuta mtu wa Mbeya anacheza Amerika kwa sababu alibonyeza ya kwanza aliyoiona, kitufe chake cha viatu kinafika kimechelewa, ameshakufa, anadhani yeye ndio mzito. Na mhusika hahamishiki kwenda sava nyingine, kwa hiyo muulize siku ya kwanza kabla hajaanza kukata miti.