Mjadala: Dogo wa huku Marekani akimbilie Ulaya na miaka 16 au akomae kwanza nyumbani?

Wakuu habari za muda huu. Naleta hili hapa maana kwetu limeshagawa familia, na nataka kusikia waliopitia, hasa nyie mlioko huku Texas na watoto wenu wanacheza mpira.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 15, kazaliwa hukuhuku, anacheza winga. Juzi kakaa na mama yake jikoni anamsomea meseji za jamaa mmoja anayejiita wakala, wiki 3 za majaribio Ulaya, eti maskauti wa klabu kubwa watakuwepo, dola 4,800 na tiketi ya ndege juu yako. Dada akachukua bahasha ya bili ya umeme akaanza kuandika nyuma yake, aongeze shifti ngapi za usiku pale nyumba ya wazee anapofanya kazi. Dogo kimya anamwangalia tu kalamu. Nikasema hapana, msilipe, na toka siku hiyo mjomba sisalimiwi vizuri.

Sababu zangu hizi hapa, nikikosea nirekebisheni.

FIFA wana kifungu cha 19 kwenye kanuni zao za usajili, mchezaji chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa nchi moja kwenda nyingine. Upenyo upo ila mwembamba, labda wazazi wawe wamehamia huko kwa mambo yao yasiyohusu mpira, au dogo awe na paspoti ya Ulaya na ametimiza 16. Sasa kila ukiongea unaambiwa Pulisic, Pulisic, yaani Christian Pulisic, nyota wa timu ya taifa ya Marekani. Kweli, alitua Dortmund ya Ujerumani 2015 ana miaka 16, Januari 2016 tayari anacheza Bundesliga, ligi kuu ya huko, Januari 2019 Chelsea wakamnunua kwa euro milioni 64. Lakini babu yake mzaa baba ametokea kisiwa cha Olib kule Croatia, ndo paspoti ilikotoka. Gio Reyna, Mmarekani mwingine aliyeenda Dortmund, naye alikuwa na ya Ureno. Josh Sargent wa Missouri hakuwa na babu wa namna hiyo, Werder Bremen ya Ujerumani walishamtaka na wakakubaliana naye, bado ikabidi asubiri mpaka Februari 2018 alipofikisha 18 ndo mambo yakakaa sawa. Sasa babu yetu sisi kazaliwa Uvinza kule Kigoma, hiyo paspoti tunaitoa wapi jamani?

Na ukilazimisha anayeumia ni mtoto. Kuna dogo wa Los Angeles, Ben Lederman, Barcelona walimchukua akiwa mdogo kabisa 2011, FIFA walipoibana klabu kwa kusajili watoto wa nje akawa anafanya mazoezi na wenzake ila mechi rasmi haruhusiwi. Fikiria mwanao anaishi hivyo. Alikuja kutulia baadaye Poland, akabeba ubingwa wa ligi na klabu ya Raków 2023, lakini ile miaka nani anamrudishia?

Halafu mnasahau kwamba siku hizi Ulaya wanakuja wenyewe. Tyler Adams alikuwa New York Red Bulls, Leipzig ya Ujerumani wakamchukua Januari 2019, Agosti 2020 akafunga goli lililoitoa Atletico Madrid robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ricardo Pepi, mtoto wa hapa hapa Texas, alitoka FC Dallas Januari 2022 kwenda Augsburg, Ujerumani hukohuko, kwa karibu dola milioni 20. Sijasikia hata mmoja wao aliyelipa mtu ili aonwe!

Wa kwangu wa moyoni ni Bernard Kamungo, na mimi ni mtu wa Kigoma mniwie radhi nikizidisha. Kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule kwetu Kigoma, wazazi Wakongo, kaja Abilene Texas 2016 bila jina lolote, akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, wakambakiza, akapanda FC Dallas, Agosti 2023 akaitungua Inter Miami ya Messi kwenye ile sare ya 4-4, Januari 2024 kavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani. Kwa hiyo mlango upo, na ni mwendo wa gari tu kutoka kwetu.

NIMERUDI. Mkuu mmoja wa Minnesota kanijibu humu kwamba nikisubiri 18 dogo ataachwa, kwamba wenzake wa Ujerumani wanafundishwa kwa mpango toka wadogo, na kwamba klabu za MLS, ligi kuu ya Marekani, siku hizi zinawashikilia watoto ili ziwauze. Hilo la mwisho nakubali kabisa. Weston McKennie, kiungo wa timu ya taifa ya Marekani, aliondoka FC Dallas kwenda Schalke ya Ujerumani 2016 bure, hawakupata hata senti, na toka 2019 MLS wakasema watadai fidia ya malezi, yaani klabu inayomchukua dogo iwalipe waliomlea kisoka, kwa hiyo dogo anayesaini leo anabeba bei mgongoni. Inauma, na mzazi ausome mkataba kabla ya kusaini. Ila hilo la kuachwa, mbona Landon Donovan alienda Leverkusen ya Ujerumani 1999 ana miaka 17, upweke ukamshinda, 2001 akarudi Marekani kucheza San Jose na kwangu mimi akawa nyota mkubwa kuliko wote wa Marekani? Hata Pepi na umri wake hakufunga goli hata moja la Bundesliga pale Augsburg, mpaka alipopelekwa kwa mkopo Groningen ya Uholanzi ndo akafufuka, sasa mtoto wa 15 asiyejua lugha, chumba cha kupanga, mama yuko Dallas?

Dada naye ana lake, anataka skolashipu ya chuo, anasema akivunjika mguu abaki na cheti. Simlaumu.

Jana nikampigia huyo wakala nikamwomba kitu kimoja tu, barua ya klabu inayomtaka dogo, yenye jina na simu ya ofisi nipige mwenyewe. Kanitumia picha ya uwanja.

Advansi inatakiwa Ijumaa. Kama kuna aliyewahi kulipa safari za hivi naomba aseme, mtoto alicheza na nani, nani alikuja kumwangalia, na baada ya kurudi kuna klabu yoyote iliyopiga simu? Nitamsomea dogo majibu yenu mwenyewe.