Huyu fundi wa "cheni imeruka" leo kanimaliza

Wakuu, yule bingwa wa taimingi (kulinganisha cheni ya injini ili valvu zifunguke kwa wakati wake) mnamjua, simtaji. Yule mwenye majibu kabla hujauliza. Leo kasogeza jino moja la gia. JINO MOJA! Kwa makusudi, mchana kweupe!

Pikapu ya zamani, silinda nne, kamshafti (shafti inayofungua valvu) moja juu. Reli za plastiki zinazoongoza cheni zilikatika, cheni ikawa inachapa kava kama mtu anayegonga misumari ndani ya debe. Kufungua ilikuwa lazima, maana cheni ikiachwa hivyo inalisaga kava kwa ndani mpaka inatoboa njia ya maji, na maji ya rediata yanaingia kwenye oili. Seti mpya ilikuwa kamili: cheni, gia mbili, tenshena (kikaza cheni), reli, oili sili, gasketi.

Na alianza vizuri, ndiyo inayouma. Pistoni namba moja juu kabisa kwenye kompresheni, alama ya gia ya kamshafti saa 12, pingili za cheni zilizopakwa rangi kila moja kwenye alama ya gia yake. Krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ikazungushwa kwa spana mizunguko miwili kamili, alama za gia zote mbili zikarudi palepale. Hapo unafunga kava unakwenda kunawa. Yeye akachungulia, akaona pingili za rangi zimehama, akatoa hukumu: "Cheni imeruka." Akafungua gia ya juu akarudisha jino moja. Anarudisha nini, na hakuna kilichoondoka?!

Sasa gari linawaka, lakini linakohoa kwenye silensa na halivuti. Akazungusha distribyuta mpaka mwisho wa mwanya wake. Distribyuta inasogeza cheche, valvu haiziamrishi chochote. Kuulizwa: "Gari lako limezeeka." Jino moja kasogeza yeye, aliyezeeka ni gari!

PingiliTisini: Mkuu pole, nimecheka hadi nimemwaga oili. Rangi ni za siku ya kufunga tu. Chukua gia ya krenki meno 18, ya kamshafti 36, cheni pingili 94: baada ya mizunguko miwili ya krenki rangi zimeshasogea pingili 36. Ili zirudi kwenye alama zote kwa pamoja, krenki izunguke mara 94. Alitakiwa avumilie mizunguko 92 zaidi.

Spana_Kumi: Yaani rangi ziko mbali pingili 36, yeye "anarudisha" jino moja? Hata uongo wake haujui hesabu. Gia ya meno 36, jino moja ni digrii 10 za kamshafti, sawa na 20 za krenki. Valvu zikichelewa kiasi hicho gari litavuta na nini?

BoltiMbili: Mleta uzi, kwani wewe ulikuwa wapi? Au ndiye uliyeshika tochi? Mshika tochi ni mshiriki.

Mleta uzi: Tochi haikusogeza gia. JINO MOJA!

KavaLaMbele: Shukuru hakulivunja kava. Kwenye Toyota 22R kuna bolti moja mbele ya heda (kichwa cha injini), chini ya gia ya kamshafti, imezama kwenye kidimbwi cha oili, haionekani. Fundi wa kwetu hakunyonya oili kuitafuta. Kachomeka tindo, kabenjua, kava likapasuka. Halafu bolti za kava zina urefu tofauti, yeye kazimwaga zote kwenye kopo moja. Ndefu ikiingia tundu fupi inagota kabla ya kubana, unabaki na kava linalovuja.

Spana_Kumi: Afadhali tindo kuliko hawa wa silikoni (gundi ya kuzuia kuvuja). Mtu anaipaka kama siagi! Inatakiwa kidogo tu, pembeni pale gasketi ya heda inapokutana na kava. Ikizidi inaminyika kwa ndani, inakatika, inakwenda kuziba chujio la kunyonyea oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Chujio ambalo tayari lina vipande vya reli, kwa sababu hakuna anayefungua sampu.

PingiliTisini: Na tenshena ya injini hiyo inasukumwa na oili. Chujio likiziba, cheni mpya inalegea na kelele inarudi. Chomoa waya wa koili, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.

BoltiMbili: Silikoni yenyewe anapaka juu ya oili bila kufuta. Itashika wapi?

KavaLaMbele: Na dakika hiyohiyo anawasha injini. Pakiti imeandika muda wa kusubiri, nani anasoma?

Mleta uzi: Jamani, na jino langu?

BoltiMbili: Peleka kwa daktari wa meno. Turudi kwenye silikoni: mnapaka kwenye kava au kwenye bloku?

Spana_Kumi: Kava.

KavaLaMbele: Bloku. Ukipaka kwenye kava unaikwangua yote wakati unalipenyeza chini ya heda.

Spana_Kumi: Wewe uliyepasua kava kwa tindo unatufundisha kupenyeza?

KavaLaMbele: NIMESEMA FUNDI NDIYE ALIYEPASUA, soma vizuri.