Kompyuta inajizima nikichomeka diski ya nje

Wakuu naombeni msaada, kompyuta yangu ya mezani nikichomeka diski ya nje ya TB 1 inakaa dakika mbili tatu alafu skrini inakuwa ya bluu inajiwasha upya, na humo ndo kuna picha zote za harusi ya dada angu, jana sijalala kabisa

– Umechomeka mbele au nyuma? Hamishia nyuma kwenye tundu la USB 3.0 mkuu, huenda diski inakosa umeme: tundu la USB 2.0 linatoa umeme wa miliampia 500 tu, la 3.0 linatoa 900.

– Badili na waya. Ukisikia tik tik tik ndani chomoa, usijaribu tena, hiyo diski inakufa

– Nimehamishia nyuma na waya mwingine, nusu saa haijazima! Nakopi picha saa hizi, asanteni sana

– Kopi sehemu mbili lakini